Mkanda wa chuma wa saa umegoma? Tazama dalili kabla ya kushika nyundo

Kupunguza mkanda wa chuma wa saa ni kazi ya robo saa ikienda vizuri. Isipoenda vizuri inakula jioni nzima, na nusu ya jioni hiyo unaimaliza ukiwa umepiga magoti, unapapasa sakafu kutafuta kitu cha urefu wa milimita mbili. Malalamiko ya watu ni yale yale: pini haitoki; pini imetoka lakini hairudi; pini imerudi, na siku mbili baadaye saa imedondoka mkononi. Ukiyachunguza, mengi yanaanzia sehemu mbili tu. Ya kwanza ni kugonga pini kutoka upande usio wake. Ya pili ni kupoteza kibomba ambacho mtu hakujua hata kama kipo. Mimi nimeyafanya yote mawili kwa saa ile ile, siku ile ile.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili, kwa hiyo unaweza kuruka moja kwa moja hadi tatizo lako. Ila sehemu inayofuata isome hata kama una haraka.

Kwanza jua mkanda wako umeshikwa na nini

Tukubaliane majina. Kila kipande cha mkanda nitakiita pingili. Kile kinachokunjwa chini ya kiganja ni kifungio. Vile vyuma viwili vya saa vinavyoshika mkanda kila upande ni masikio.

Geuza saa utazame upande unaogusa ngozi. Ukiona vishale vidogo kwenye baadhi ya pingili, hizo ndizo zinazoweza kutolewa, na mshale unaonyesha pini inakoelekea inapotoka. Pingili zisizo na mshale kwenye mkanda wenye mishale usiziguse, maana mara nyingi zimefungwa kiwandani zisitoke tena.

Sasa tazama ubavu wa mkanda, tena kwenye mwanga mzuri. Ukiona kitone cha duara pande zote mbili, hiyo ni pini. Ukiona kichwa chenye mfereji wa bisibisi upande mmoja, hiyo ni skrubu. Mfereji ukiwa pande zote mbili, kuna skrubu inayoshikana na mwenzake kutoka upande wa pili, na utahitaji bisibisi mbili kwa wakati mmoja: moja inashikilia, nyingine inazungusha.

Hapa kuna mtego unaowanasa wengi. Pini nyingi zimepasuliwa upande mmoja ili zibane ndani ya tundu kama springi, na ule mpasuko ukiutazama haraka unafanana na mfereji wa skrubu. Mtu anachukua bisibisi, anazungusha, anaharibu ncha ya pini, kisha anasema skrubu imeliwa. Mfereji wa skrubu una kina, kingo zake zimenyooka, na kichwa chake kwa kawaida ni kipana. Mpasuko wa pini ni kama unywele, na ukigeuza mkanda utaiona ncha ya pili ya pini upande wa pili. Mshale ukiwepo, chukulia kwamba ni pini hadi uthibitishe vinginevyo.

Aina ya tatu haionekani kwa nje: pini nyembamba, nyororo, inayoshikwa na kibomba kidogo kilichofichwa ndani ya pingili. Hiki ndicho kinachopotea. Tutakirudia.

Kwa vifaa, unahitaji kijiti cha kutolea pini chenye ncha bapa, nyembamba kuliko pini yenyewe. Pini nyingi zina unene wa kati ya milimita 0.8 na 1.0, kwa hiyo ncha ya 0.7 au 0.8 inatosha kwa mikanda mingi. Ongeza nyundo ndogo, kigogo chenye mfereji wa kusimamishia mkanda, kibanio chembamba, bisibisi za saa kama mkanda ni wa skrubu, na trei yenye kingo iliyotandikwa kitambaa cheupe. Kitambaa si mapambo: kibomba kikidondoka juu ya kitambaa cheupe utakiona na kitatulia pale pale. Kikidondoka juu ya meza ya mbao, kinaruka.

Kama unaweza, ondoa mkanda kwenye saa kabla ya kuanza. Mapigo ya nyundo hayaifai saa ya aina yoyote, na saa ya kimakanika ndiyo inayodhurika zaidi. Isitoshe, mkanda ukiwa peke yake unaweza kuuloweka bila wasiwasi.

Dalili: pini haisogei kabisa

Hii ndiyo inayoongoza kwa malalamiko. Pitia sababu kwa mpangilio huu, usirukie ya mwisho.

*Unagonga upande usio wake.* Weka mkanda ukiwa umesimama kwa ubavu, mshale ukielekea chini, kwenye meza. Kijiti kinaingia juu, pini inatoka chini. Ni rahisi, lakini mkanda ukishaugeuza mara mbili tatu mkononi unasahau mshale ulikuwa unaelekea wapi. Mimi huchora alama kwa kalamu ya wino juu ya pingili yenyewe, upande wa kugongwa, na wino unafutika baadaye kwa spiriti. Kama mkanda hauna mishale, angalia ubavu: ncha yenye mpasuko au iliyo nene kidogo ndiyo inayotangulia kutoka, kwa hiyo unagonga ncha ya upande wa pili.

*Unachogonga si pini.* Rudi kwenye mtego nilioueleza juu.

*Nguvu yako haiifikii pini.* Mkanda ukilala juu ya kitambaa kinene au mapaja yako, kila pigo linamezwa. Unataka kigogo kigumu juu ya meza isiyotikisika, na tundu chini ya pini ili ipate pa kutokea. Watu wengine husimamisha mkanda moja kwa moja juu ya meza, halafu wanashangaa kwa nini pini haitoki: meza yenyewe ndiyo inayoizuia. Hakikisha pia kijiti kimesimama wima na kimetua katikati ya pini. Kikigusa ukingo wa tundu, unagonga pingili.

*Jasho na uchafu vimeganda.* Mkanda uliovaliwa miaka bila kuoshwa unakuwa na uji mweusi katikati ya pingili, na huo uji ukikauka unashika kama saruji. Loweka mkanda peke yake, bila saa, kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo kwa nusu saa, usugue kwa mswaki laini, suuza, kausha. Pini nyingi zilizokataa zinakubali hapo. Zikiendelea kukataa, weka tone moja la mafuta ya kulegeza kutu pande zote mbili za pini na uache usiku kucha. Osha mafuta yote baadaye, maana mafuta yakibaki yanakusanya vumbi na yanaweza kuwasha ngozi.

*Pini imepinda au imegundishwa.* Huwa ni mkanda ambao umeshafunguliwa na mtu kabla yako. Ukiona ukingo wa tundu umebonyea, au kuna kitu kama gundi iliyokauka, jua kuna aliyepita hapa.

Pini ya kawaida ikianza kutoka utaisikia. Kuna "tik" ndogo, sauti ya nyundo inabadilika, na kuanzia hapo inateleza. Nikishagonga kama mara kumi kwa mapigo mafupi na hakuna mabadiliko, sibadilishi nyundo iwe kubwa. Naanza upya kwenye sababu ya kwanza. Na acha kabisa ukiona pingili imeanza kubonyea, au pini imeingia nusu ikakwama haiendi mbele wala kurudi. Fundi saa anaweza kuitoa pini iliyokwama nzima kwa urahisi. Ikivunjikia ndani, inabidi itobolewe.

Dalili: ncha ya kifaa imepinda au imekatika

Vifaa vya plastiki vyenye mkono wa kuzungusha, vile vinavyosukuma pini polepole badala ya kuigonga, ndivyo vinavyoongoza hapa. Ncha yake isipolingana na pini kwa asilimia mia, inapinda. Zungusha mpaka iguse, simama, tazama kwa jicho moja kutoka juu na kutoka pembeni, ndipo uendelee. Ukihisi mkono umekuwa mzito ghafla, rudisha nyuma. Pini ngumu ianzishe kwa kijiti na nyundo, kisha umalizie kwa kifaa hicho.

Usitumie sindano ya kushonea. Chuma chake ni kigumu lakini hakina unyumbufu, kinakatika na kipande kinaruka. Kwa kweli kwa kazi hii yote vaa miwani, hata ile ya kusomea.

Dalili: pini imetoka, na sasa haibani kitu

Unairudisha pini, inateleza hadi ndani bila ubishi. Unafurahi. Ukiinamisha mkanda, inateleza ikatoka.

Umepoteza kibomba. Ndivyo ilivyonitokea mara ya kwanza. Nilitoa pini mbili, nikatenganisha pingili juu ya zulia, nikaunganisha mkanda, nikatoka. Saa ilidumu mkononi mpaka nilipoinua mkono kushika mlango. Niliporudi na tochi nilikuta kibomba kimoja kati ya viwili kikiwa kimenata kwenye nyuzi za zulia: kimrija cha chuma, kifupi kuliko punje ya mchele, kiking'aa upande mmoja. Cha pili sijakiona mpaka leo.

Kabla ya kutambaa chini, angalia sehemu hizi. Kwanza, pini yenyewe: mara nyingine kibomba kinatoka kikiwa kimeivaa, na mtu anadhani ni sehemu yake. Pili, ndani ya matundu yote ya pingili uliyotenganisha, pamoja na zile ulizoziweka kando. Ukitazama kwenye mwanga, tundu lenye kibomba linaonekana jembamba kuliko mengine. Tatu, kigogo na mfereji wake. Nne ndiyo sakafu. Usitegemee sana sumaku, kwani vipuri hivi vingi ni vya chuma kisichoshika kutu, ambacho sumaku hukivuta kidogo mno au haikivuti kabisa, na sumaku kubwa karibu na saa ya kimakanika ni kujitafutia balaa lingine. Tumia tochi: ilaze sakafuni ili mwanga upite chini chini. Kila kitu kidogo kitatoa kivuli.

Pingili ulizoziondoa zina vibomba vyake. Hiyo ndiyo akiba yako ya kwanza kama cha mkanda kimepotea kabisa.

Kukirudisha: mara nyingi kibomba hukaa kwenye tundu la katikati la pingili, lakini mikanda mingine hukiweka pembeni, kwa hiyo fungua pini moja ambayo hujaigusa uone kiwanda kilifanyaje. Kiweke kwa kibanio, kishindilie taratibu kikae sawa na ukingo, kisha unganisha pingili na upitishe pini kinyume cha mshale. Pini itateleza mwanzoni na kuanza kubisha ikifika kwenye kibomba. Huo ubishi ndio unaoutaka. Pini inayoingia mpaka mwisho bila ubishi itatoka vivyo hivyo.

Dalili: pini inaingia nusu halafu inakwama

Mara nyingi matundu hayajanyooka. Ingiza kijiti chembamba kwanza kupitia pingili zote kama mtu anayetunga shanga, zicheze mpaka zijipange, kichomoe, kisha ingiza pini. Kama bado, angalia kama kibomba kimelala upande, au kama pini umeigeuza. Kanuni ya kurudisha ni hii: ncha iliyotangulia kutoka ndiyo inayoingia mwisho. Kwa pini iliyopasuliwa maana yake ni kwamba upande mzima unatangulia na upande wenye mpasuko unafuata, kinyume cha mshale.

Pini yenyewe ibiringishe juu ya kioo. Ikiyumba, imepinda. Usiinyooshe kwa koleo ukaitumia tena. Chukua nyingine kutoka kwenye pingili ulizoziondoa.

Usisukume kwa hasira. Kubisha kwenye milimita mbili za mwisho ni kawaida, na hapo mapigo mawili matatu mepesi yanatosha. Kubisha katikati ya safari si kawaida.

Dalili: baada ya siku chache pini inachomoza ubavuni

Pitisha kidole ubavuni mwa mkanda. Kama kinakwaruzwa, pini inatembea. Isukume ndani leo, lakini usiishie hapo, kwa sababu itarudi.

Sababu inayoongoza ni kibomba kilichosahaulika, halafu pini iliyoingizwa kichwa chini. Baada ya hapo ni pini iliyochoka: mpasuko wake umebanwa mara nyingi hadi hausukumi tena pande za tundu. Unaweza kuingiza ncha ya kisu chembamba kwenye mpasuko na kuutanua kidogo mno, kiasi cha kuhisi tu. Hii inafanya kazi, lakini mimi naiona dawa ya muda. Pini mpya ya unene na urefu ule ule ndiyo tiba. Unene ni jambo la kupima kwa kalipa. Kati ya 0.8 na 0.9 macho hayaoni tofauti, tundu linaiona.

Sababu ya mwisho, na mbaya kuliko zote, ni tundu lililopanuka kwa uchakavu. Pingili zimekulana kwa miaka, mkanda umerefuka na unalala kama kamba ukiushika kwa ubavu. Hapo ni kazi ya fundi au ni mkanda mpya.

Kuhusu supagluu: najua inavutia. Usiiweke. Inaingia kwenye maungio, inafanya pingili ngumu, na atakayefungua mkanda huo siku nyingine atakulaani bila kukujua.

Dalili: skrubu haizunguki, au kichwa kimeanza kuliwa

Simama hapo hapo. Skrubu ya mkanda wa saa hairudii nafasi nyingi.

Bisibisi ndiyo mshukiwa wa kwanza. Ulimi wake unatakiwa kujaza mfereji: upana karibu sawa na kichwa, na unene unaogusa kuta zote mbili. Ulimi mwembamba unasimamia kona mbili tu, na kona hizo ndizo zinazoliwa. Kwa skrubu nyingi za mikanda, ulimi wa kati ya milimita 1.2 na 1.6 ndio unaolingana. Bana mkanda uwe umelala kwa ubavu, skrubu ikitazama juu, kandamiza bisibisi chini kwa nguvu zaidi kuliko ile unayozungushia. Watu hufanya kinyume chake.

Mshukiwa wa pili ni gundi ya kukazia skrubu, ambayo viwanda vingi huiweka. Gundi hiyo inalegezwa na joto. Mkanda ukiwa umeondolewa kwenye saa, utumbukize kwenye maji yaliyotoka kuchemka kwa dakika chache, utoe kwa koleo, ufute, ujaribu ukiwa bado wa moto, umeushika kwa kitambaa. Rudia mara mbili tatu. Mashine ya kukaushia nywele nayo inasaidia. Kamwe usiweke saa yenyewe kwenye maji moto, hata ile iliyoandikwa kwamba haipitishi maji. Joto linachosha mipira inayozuia maji.

Kama ni skrubu ya pande mbili na inazunguka bila mwisho, hujaishika ya upande wa pili.

Skrubu za titani ziogope kidogo zaidi. Titani kwa titani hupenda kushikana kwenye nyuzi, na ukilazimisha inakatika. Kichwa kikishaliwa hata robo, mpelekee fundi kikiwa bado na robo tatu za kushika.

Dalili: skrubu inajilegeza

Safisha nyuzi zake kwa spiriti, ziache zikauke, kisha weka gundi ya kukazia ya nguvu ya kati, ile ya buluu, kiasi cha ncha ya kijiti cha meno kwenye nyuzi tu. Si kichwani, si kwenye tundu zima. Iache siku nzima kabla ya kuvaa. Ile nyekundu ni ya injini. Usiisogeze karibu na saa.

Dalili: mkanda umeunganika lakini pingili moja ni ngumu

Tazama kama hiyo pingili umeigeuza juu chini. Nyingi zina mbonyeo mdogo upande mmoja wa kufuata mkono, na mishale yote inapaswa kutazama upande mmoja. Kama imekaa sawa, basi pini imesukumwa kupita kiasi ikachomoza upande wa pili, au kuna uchafu. Irudishe pini katikati mpaka ncha zote mbili zizame kidogo ndani ya ubavu.

Dalili: kifungio kimekaa pembeni, au saa inalegea asubuhi na kubana jioni

Hili si kosa la mkono bali la hesabu. Ukitoa pingili tatu upande mmoja na sifuri upande wa pili, kifungio kitahamia ubavuni mwa mkono na saa itajiviringisha kwenda nje. Toa kwa usawa, na ikibidi namba iwe witiri, ile ya ziada ianze kutoka upande wa namba 6 kwenye uso wa saa, kisha vaa uone. Kipimo cha kweli ni mkono wako: saa juu, kifungio katikati ya upande wa ndani. Kila mkono na umbo lake.

Vaa saa na kuitazama kabla hujatoa chochote. Kusanya mkanda wa ziada kwa vidole pale unapotaka ubane, hesabu pingili zilizobaki nje, kisha toa moja pungufu ya hizo. Kurudisha pingili kunakera, lakini kuzunguka na saa inayoacha alama kwenye ngozi kunakera zaidi. Mkono huvimba kidogo kwenye joto na baada ya kutembea, na hunywea kwenye baridi, kwa hiyo pima wakati mkono una joto. Kidole kidogo kipite chini ya kifungio kwa kujibana kidogo.

Kama uko katikati, yaani pingili moja ikitoka inabana na ikirudi inalegea, usiguse pingili tena. Angalia ubavu wa kifungio: vingi vina safu ya vitundu viwili hadi sita. Ndani yake kuna pini ya springi inayoshika mkanda. Ibonyeze kwa ncha nyembamba kutoka nje, isogeze tundu moja, iachie mpaka usikie imeingia pande zote mbili. Hapa funika kwa kidole gumba wakati wote. Pini ya springi ikiponyoka haidondoki, inaruka kama panzi. Ukimaliza vuta mkanda kwa nguvu pande zote mbili kabla ya kuuamini.

Kifungio kinachofunguka pande mbili kama kipepeo mara nyingi hakina vitundu hivyo. Kwa hicho, usawa wa pingili ni wa lazima, na baadhi ya mikanda huja na nusu pingili kwa ajili hiyo.

Dalili: kifungio hakifungi tena

Kabla ya kukilaumu, hakikisha hujakirudisha kikiwa kimegeuka. Kile cha mikunjo mitatu kina upande wake, na maandishi yake yakisomeka kichwa chini ukivaa, ndiyo sababu. Halafu angalia kama pini ya springi imetoka upande mmoja na kukipindisha. Chuma cha mikunjo ni chembamba. Kikiwa kimepinda kidogo kinaweza kurudishwa kwa vidole, si kwa koleo. Kikifunga lakini kinafunguka chenyewe, usivae. Peleka.

Mikanda isiyofuata haya

Mkanda wa wavu wa chuma hauna pingili za kutoa. Kifungio chake kina kibamba kidogo chenye kidirisha. Ingiza bisibisi bapa hapo, kiinue, telezesha kifungio, kisha ukibonyeze kirudi. Ukiinua kwa pupa kinapinda na hakishiki tena. Mkanda unaovutika kama mpira una ndimi ndogo zilizokunjwa pembeni. Unafunguka, lakini kuurudisha kunataka subira ambayo mimi sina.

Pa kuacha bila kujaribu

Kauri haigongwi, ni hivyo tu: inapasuka. Dhahabu halisi ni laini na kila kosa linabaki usoni mwake, na iliyopakwa dhahabu ikikwaruzwa hairudi. Saa iliyo bado kwenye dhamana, soma karatasi zake kwanza. Saa ya urithi, ambayo pingili zake za kale zimekunjwa kwa bati jembamba, inabonyea hata kwa kidole. Na kama pini imekatikia ndani, skrubu imekatika, au sikio la saa limetikisika, funga vipande vyote kwenye kifuko na umpelekee fundi saa pamoja na maelezo ya ukweli ya ulichokifanya. Atakigundua tu, lakini ukimwambia mapema anaanzia mahali sahihi.

Kwenye kifuko hicho hicho weka pingili ulizozitoa, pini zake na vibomba vyake, na uandike juu yake ni vya saa gani. Mimi nina kifuko cha pingili nne nzuri sana, na sijui ni za mkanda upi.